MTOTO AKICHAGUA NYUMBA YA WASHINDANI, JE, AMETUSALITI?



Swali la ukurasa huu linatoka mbali, kule Marekani, lakini ni swali la moyo wa mtu, na moyo wa mtu hauna mpaka. Swali ni hili: kijana mwenye kipawa, ambaye watu wa jimbo lake walimtazamia kwa miaka, akisimama mbele ya wote na kutaja jina la chuo cha washindani wao, je, amefanya kosa? Na wale wanaomkasirikia, hasira yao inatoka katika upendo ao katika kitu kingine? Tulichunguze swali hili polepole, bila haraka ya kuhukumu.

1. Jambo lenyewe

Kule Marekani kuna mchezo wanaouita futboli, lakini si mpira wa miguu tunaoujua sisi. Mpira wake una umbo la yai, wachezaji wanaubeba mikononi na kukimbia nao, na wengine wanawaangusha chini ili wasipite. Pamoja na ekipe za watu wanaolipwa, kuna ekipe za vyuo vikuu, na hizo zinapendwa ajabu. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan kina viti 107,601. Kile cha chuo kinachoitwa LSU, katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, kinapokea watu zaidi ya 100,000. Jimbo la Alabama halina hata ekipe moja ya ligi kubwa ya wachezaji wa kulipwa. Kwa hiyo watu wamegawanyika kati ya vyuo viwili, Alabama na Auburn, vilivyokutana uwanjani mara ya kwanza mwaka 1893. Baba anamrithisha mtoto rangi za chuo, hata kama katika jamaa yao hakuna mtu aliyesoma pale hata siku moja.

Kila mwaka makocha wa vyuo hivi wanazunguka kutafuta vijana wa miaka 17 ao 18. Wanawaandikia, wanawatembelea nyumbani, wanakaa na wazazi wao, wanaahidi mambo mengi mazuri. Kwa miaka 60, tangu mwaka 1964 mpaka mwaka 2024, kijana alijifunga kwa chuo kwa kutia sahihi barua maalumu. Siku kubwa ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi wa 2. Tangu mwaka 2017 wengi wanatia sahihi mapema, mwezi wa 12. Wale wanaojulikana sana wanatangaza mbele ya televizyo. Kofia zinapangwa juu ya meza, kila moja ya chuo chake. Kijana ananyoosha mkono, anachukua moja, anaivaa.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Katika nyumba nyingi watu wanaruka kwa furaha. Katika nyumba zingine kunakuwa kimya, halafu maneno yanatoka: msaliti huyu, mwenye tamaa huyu, ameshauriwa vibaya, tena hakuwa mchezaji mzuri sana. Angalieni neno hili la mwisho. Jana alikuwa bora kupita wote. Leo amevaa kofia nyingine, hafai kitu. Ni sawa sungura wa hadisi aliyeruka na kuruka bila kufikia matunda, akaenda zake akisema kwamba ni mabichi.

2. Mama mbele ya televizyo

Mwezi wa 1 mwaka 2012, kijana mmoja wa Louisiana, jina lake Landon Collins, alitangaza uchaguzi wake mbele ya televizyo. Alikuwa kati ya walinzi bora wa umri wake katika nchi nzima. Watu wa Louisiana walimngojea aseme LSU, chuo cha jimbo lake. Akasema Alabama. Siku zile maneno hayo yalikuwa na uchungu wa pekee, kwa maana siku chache tu baadaye, tarehe 9 mwezi huo huo, vyuo hivyo viwili vilikutana mjini New Orleans kugombania kombe la nchi, na Alabama ikashinda 21 kwa 0.

Lakini watu hawakuyasahau mambo ya siku ile kwa sababu ya jambo lingine. Mama yake alikuwa ameketi kando yake. Mtoto alipotaja Alabama, mama alitikisa kichwa, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba hakupendezwa. Alipoulizwa, alisema bila kuficha kwamba kwake yeye LSU ndiyo mahali pazuri zaidi kwa mtoto wake. Wengi walicheka, wengine walisema mama huyu amemwaibisha mwanawe.

Sisi tusicheke haraka. Mama huyu alisema ukweli wake, na kusema ukweli si zambi. Tena yeye, kati ya wote waliohuzunika siku ile, ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, kwa sababu alimzaa na kumlea. Lakini tazameni tofauti. Mama hakupendezwa na uchaguzi, na kijana akabaki mtoto wake. Shabiki hakupendezwa na uchaguzi, na kijana akawa adui yake. Huzuni ilikuwa moja. Kilichofuata kilikuwa mbalimbali. Kwa nini? Kwa sababu mama alimpenda kijana mbele hajawa mchezaji. Shabiki alipenda mchezo wake, na alimpenda kwa sharti kwamba mchezo huo uwe wake.

3. Usaliti ni nini?

Neno msaliti ni neno zito. Halifai kutupwa ovyo. Ili mtu awe msaliti, sharti kwanza awe na deni: alitoa neno lake akalivunja, ao alikabiziwa kitu akakitoa kwa adui, ao alikula mkate wa watu akawageuka. Pasipo deni, hakuna usaliti. Kuna tu matumaini yetu yaliyoanguka.

Sasa tuulize: Collins alikuwa na deni gani kwa mashabiki wa LSU? Wanaweza kujibu: alizaliwa Louisiana. Lakini hakuna mtu anayechagua mahali pa kuzaliwa, na jambo ambalo hukulichagua haliwezi kuwa kontra uliyoitia sahihi. Wanaweza kujibu: tulimpenda tangu alipokuwa katika shule ya sekondari. Ni vizuri, lakini upendo unaodai malipo unakuwa biashara, na katika biashara hii mtu mmoja peke yake ndiye aliyeandika bei. Wanaweza kujibu: tulitumaini. Ndiyo, walitumaini, na matumaini yao yalikuwa ya kweli. Lakini kutumaini kwangu hakukufungi wewe.

Kuna jambo lingine la kufikiri. Kocha wa Alabama aliyemchukua kijana huyu alikuwa Nick Saban. Mtu huyu mwenyewe alikuwa kocha wa LSU tangu mwaka 2000 mpaka mwaka 2004, akawaletea ushindi wa nchi. Kisha akaenda kufundisha ekipe ya kulipwa mjini Miami, na mwanzo wa mwaka 2007 akaja Alabama. Watu wengi wa Louisiana walimwita msaliti naye. Yeye alikuwa mtu mzima, mwenye kontra na mshahara mkubwa sana. Katika miaka yake ya mwisho pale Alabama ulipita dola milioni 10 kwa mwaka. Ikiwa mtu mzima wa namna hiyo anaweza kuhama nyumba kwa kutafuta kazi, tunamdai namna gani kijana wa miaka 18 awe na uaminifu ambao wakubwa wake hawakuuonyesha?

4. Sababu zinabadilika, hasira inabaki

Mtu anayekasirika huwa na sababu. Lakini njia moja ya kuijua sababu ya kweli ni kutazama kama inabaki ileile siku mambo yanapogeuka.

Tuchukue habari ya pili. Bryce Underwood ni kijana wa Michigan, wa mji wa Belleville. Mwezi wa 1 mwaka 2024 alisema ataenda LSU. Tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka huo huo alibadili neno lake, akachagua Chuo Kikuu cha Michigan, karibu na kwao. Magazeti yalizungumza habari ya mamilioni ya dola, na LSU wakabaki bila kijana waliyemtegemea.

Basi tuzipange habari hizi mbili pamoja. Collins alipoondoka kwao, wenye uchungu waliweza kusema: mtoto mwema anabaki nyumbani. Underwood aliporudi kwao, wenye uchungu hawakuweza kusema vile tena. Walisema: mtoto mwema anashika neno lake. Mara ya kwanza nyumbani ndiko kulikokuwa kila kitu. Mara ya pili nyumbani hakukuhesabiwa. Sababu iligeuka kama nguo inavyogeuzwa, lakini mwili uliokuwa ndani ya nguo ulikuwa uleule: tulimtaka, hatukumpata.

Hatusemi kwamba watu wa Louisiana ni wabaya kupita wengine. Chuo chochote kingekuwa mahali pao, kingefanya vilevile. Tunasema tu kwamba moyo unaanza kukasirika, halafu unaituma akili kwenda kutafuta sababu, na akili ni mtumishi mwenye mbio: hairudi mikono mitupu.

5. Na neno lililotolewa?

Hapa msomaji mwenye haki atatusimamisha. Atasema: Collins hakuwa na deni, sawa. Lakini Underwood alikuwa ametoa neno, na wazee wetu walitufundisha kwamba ahadi ni deni. Je, neno la kijana halina uzito?

Lina uzito. Ni lazima tuseme hivyo wazi, kwa maana tusipokuwa waangalifu, kwa kumtetea kijana tutaharibu samani ya ahadi. Lakini tuipime ahadi hii kwa kipimo chake. Kufuatana na desturi ya mchezo huu, neno la mdomo la mbele ya kutia sahihi halifungi upande wowote. Chuo chenyewe kinaweza kumwambia kijana katika siku za mwisho kwamba nafasi imejaa. Kocha aliyemkaribisha anaweza kuondoka kesho yake. Neno ambalo upande mmoja unaweza kuliacha bila lawama si sawa kulifanya mnyororo kwa upande mwingine tu.

Hata hivyo kijana naye ana wajibu. Kama moyo wake umegeuka, aseme mapema, asiwaache watu wakimwekea nafasi bure. Aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwa yule kocha aliyekaa nyumbani kwao. Ashukuru. Asichukue kofia ya watu mezani kana kwamba ataivaa, halafu akaitupa ili wengine wacheke. Kuna waliofanya mchezo huo, na ni zarau. Uhuru wa kuchagua ni haki yake. Kuwafanyia watu mzaha si haki ya mtu yeyote. Anayeondoka vizuri anaacha mlango wazi nyuma yake.

Na feza? Kwa miaka mingi kijana alipewa masomo, chakula na malazi tu, na akikamatwa amepokea kitu kingine aliazibiwa. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2021 anaruhusiwa kupata feza kwa jina lake na sura yake. Mwezi wa 6 mwaka 2025 tribinali ilikubali mapatano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji. Kipimo cha mwaka wa kwanza kilikuwa karibu dola milioni 20 na nusu kwa kila chuo. Tangu hapo wengi wanasema: anajiuza. Lakini viwanja vilikuwa vikijaa na makocha walikuwa wakitajirika zamani, kijana akiwa hapati hata kidogo, na wachache walilia. Kama kazi ni kazi, mfanyakazi ana ruhusa kufikiri mshahara. Anachopaswa kujiuliza ni kama feza ni sababu moja kati ya nyingine, ao imekuwa sababu ya pekee. Swali hilo ni lake, na atalijibu usiku akiwa peke yake. Haliwezi kujibiwa na umati wa watu.

6. Mama wa kweli alijulikana namna gani?

Wote mnaijua habari ya wale wanawake wawili waliosimama mbele ya mfalme Sulemani wakigombania mtoto mmoja. Mfalme aliagiza upanga uletwe, mtoto akatwe, kila mmoja apate nusu. Mmoja alikubali. Mwingine alipendelea mtoto apewe mshindani wake, mradi aishi. Na kwa hilo mfalme akamjua mama.

Tufikiri vizuri juu ya habari hii. Alama ya mama wa kweli haikuwa kushikilia kwa nguvu. Alama yake ilikuwa kuweza kumwachilia, tena kumwachilia aende katika nyumba ya yule aliyekuwa akishindana naye. Huo ndio mtihani mgumu kupita yote, kwa maana kumwachilia mtu aende mbali kwa wageni ni rahisi kuliko kumwachilia aende kwa jirani tunayemchukia. Yule mwingine alisema kwa tendo lake: kama si wangu, basi asiwe wa mtu.

Shabiki anayeomba kijana aanguke, avunjike mguu, akose nafasi, kwa sababu tu amechagua chuo kingine, hajui kwamba amesimama karibu na upanga.

7. Chuki haina mahali pa kusimama

Wengine watasema: ni maneno tu, ni mchezo tu, hakuna anayeumia. Mwaka 2010 Auburn iliifunga Alabama 28 kwa 27. Katika mji wa Auburn kulikuwa miti miwili mikubwa ya zamani ambapo watu walikuja kusherehekea kila ushindi. Mwanzo wa mwaka 2011 shabiki mmoja wa Alabama alipiga simu kwenye redio akajisifu kwamba ameitia miti hiyo sumu. Ilikuwa kweli. Wataalamu walijaribu kuiokoa, haikuwezekana, ikakatwa mwaka 2013. Mtu huyo alifungwa. Miti ile ilikuwa na kosa gani? Haikucheza, haikuchagua, haikutia sahihi. Ilikuwa tu ya upande mwingine.

Hiyo ndiyo njia ya chuki. Inaanza kwa neno juu ya kijana, na ikikosa mtu wa kumshika, inashika mti. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tunaweza kuongeza: asiyekubali kukataliwa hajui kupenda.

8. Mtoto wa Kinshasa

Kuna habari moja inayotugusa sisi wenyewe. Michigan na Ohio State ni washindani tangu mwaka 1897. Katika juma la mchezo wao, watu wa chuo cha Ohio State wanaifuta herufi M kwa alama nyekundu kwenye vibao vya chuo chao, wasiione hata machoni. Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1995, Ohio State ilifika Michigan bila kushindwa hata mara moja mwaka ule. Siku hiyo mchezaji mmoja wa Michigan alikimbia na mpira yadi 313, karibu mita 286, na Michigan ikashinda 31 kwa 23. Jina lake Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kukulia Kanada.

Ukilisikia jina hilo, moyo wako umesema nini? Pengine umesema: huyu ni wetu! Vema. Lakini yeye hakutuuliza sisi mbele ya kuchagua Michigan, wala hakuwauliza watu wa mahali alipokulia. Alikwenda pale njia yake ilipompeleka, na sisi tunafurahi. Siku ileile, kwa sababu ya miguu yake, watu maelfu wa Ohio walirudi nyumbani na huzuni. Tunaweza basi kusema kwamba uchaguzi wa kijana ni mzuri unapotuletea furaha, na ni usaliti unapoipeleka furaha kwa mwingine? Kipimo cha namna hiyo si kipimo. Mizani inayoinama kila mara upande wa mwenye duka, sokoni tunaijua jina lake.

9. Mwisho wa neno

Hatuwaambii watu wasiwe na upande. Kupenda chuo, ekipe, mji ao jimbo ni jambo jema. Kunamfundisha mtu kwamba yeye ni sehemu ya kitu kikubwa kumpita. Hatuwaambii pia wasihuzunike. Mwenye kutumaini akikosa, lazima aumie, na machozi hayo si aibu. Tunasema neno moja tu: huzuni yako ni mali yako, usimfanye kijana awe mdeni wake. Uaminifu ni sadaka nzuri ukiutoa wewe. Ukimnyang'anya mwingine kwa nguvu, hauitwi tena uaminifu.

Wazazi, siku moja mtoto wako atachagua kazi, ao mji, ao mchumba, ao kundi, ambalo wewe usingalichagua. Pengine atachagua palepale kwa wale mnaoshindana nao. Una ruhusa kutikisa kichwa kama mama yule wa Louisiana. Sema ukweli wako mara moja, kwa upole. Kisha kesho yake umwulize kama amekula.

Vijana, mkichagua, chagueni kwa akili, semeni mapema, shukuruni mnapoondoka. Msidanganye watu kwa kuwapendeza wote.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika vikundi:

- Ni nani ninayemkasirikia leo kwa sababu tu alichagua upande mwingine? Aliniahidi nini hasa?
- Kama angechagua upande wangu kwa sababu zilezile, ningemlaumu?
- Je, ninaweza kumtakia heri katika nyumba ya washindani wangu, kwa sauti, mbele ya watu?

Anayeweza kujibu ndiyo kwa swali la tatu, huyo amejua kupenda.

Amani ikae pamoja nanyi nyote.